Mzee naye, siku ya tatu mpe jembe

(Mazungumzo ya redioni ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani)



Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumezoea kuwapiga nayo vijana wavivu, wale wanaokuja mjini kwa kaka zao, wakala, wakalala, wakaingoja kazi iwafuate sebuleni. Leo nataka kuitumia kwa mtu ambaye si desturi yetu kumtolea methali ya namna hiyo. Nataka kuitumia kwa mama yangu mzazi. Nawaombeni mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjasema kwamba mtoto huyu hana adabu.

Mama yangu ni mtu wa milima ya Usambara. Anayeijua Lushoto anajua kwamba kule tambarare ni haba. Shamba liko juu, mto uko chini, nyumba iko katikati, na kila safari ni ama kupanda ama kuteremka. Kwa zaidi ya miaka 50 mama huyu alipanda na kuteremka, kichwani ndoo ya maji, mzigo wa kuni au tenga la mboga. Baba alipofariki, sisi watoto tulikaa kikao, tukakubaliana kwamba si heshima mama yetu abaki peke yake mlimani akihangaika na kuni. Mimi ndiye ninayeishi Dar es Salaam, nikamchukua. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 66 na uzito wa kilo 63.

Nilimpokea kama mtoto yeyote mwenye shukrani anavyompokea mama yake. Nilinunua kochi, lile la kuzama, mtu akikaa anadidimia mpaka kiunoni. Nikaliweka mbele ya televisheni. Akishika ufagio, mke wangu anamnyang'anya: "Mama, pumzika, kazi umefanya ya kutosha." Akitaka kwenda dukani kununua chumvi, wajukuu wanatumwa. Akijaribu kuinuka achote maji ya kunywa, watu watatu wameshainuka kabla yake. Siku ya kwanza mgeni, siku ya tatu mgeni, na mwaka wa tatu bado mgeni. Jembe hatukumpa.

Mama akanenepa. Ndugu waliokuja kututembelea walinipongeza. "Kweli unamtunza mama yako," walisema, "ona alivyonawiri!" Nami nikajiona mtoto mwema kuliko watoto wote. Kwetu sisi unene ni ushahidi wa raha. Na tangu ile miaka ambayo UKIMWI ulitukatia ndugu na marafiki, wembamba umekuwa jambo la kunong'onewa. Nchi jirani ya Uganda watu waliubatiza ugonjwa wenyewe jina la silimu, yaani wembamba. Basi nani atamwona mama yake anaongezeka kilo akasikitika?

Mwaka wa tatu mama akaanza kuona kiu isiyokatika. Usiku anaamka mara nne, mara tano, kwenda haja. Tukampeleka hospitali, tukaambiwa ni kisukari, kile cha ukubwani. Uzito wake ulikuwa umefika kilo 72. Akaandikiwa dawa, akaambiwa apunguze uzito. Nami kwa ujinga wangu nikaona dawa ya unene ni njaa. Nikamkataza karibu kila kitu. Nyama nikaikataza, mayai nikayakataza, maziwa nikayakataza, nikidhani kila kilicho kitamu ni adui wa mgonjwa wa sukari. Akabaki na uji usiotiwa kitu, kipande cha mkate, na mchuzi wa mboga. Kabla mwaka haujaisha akapata homa ya mapafu, akalazwa karibu wiki mbili. Alipotoka tukampima: kilo 63. Ndugu wasikilizaji, nilifurahi. Nilisema, alhamdulillahi, mama amerudi kwenye uzito wake wa Lushoto.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka kazini nikakuta nyumba imenyamaza. Binti yangu wa miaka 12 akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bibi alichuchumaa chooni, akashindwa kuinuka. Alikaa mle karibu nusu saa kabla hajakubali kuita, na alipoita alimwita mjukuu, hakumwita mkwewe, kwa aibu. Kisha binti akaniambia jambo lililonichoma zaidi. Akasema: "Baba, bibi hanywi maji siku hizi. Anasema akinywa itabidi aende chooni."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mama aliyerudi kwenye kilo zake hakuwa yule niliyemshusha kwenye basi.

Tukarudi hospitali, safari hii kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa makamo, mpole lakini asiyependa mzaha. Alimwamkia mama, akamweka kwenye kiti cha mbao kisicho na mikono, akamwambia akunje mikono kifuani, ainuke. Mama akajaribu mara tatu. Hakuinuka hata mara moja. Yule mtaalamu akamshika paja, akamshika na tumbo, kisha akanigeukia. "Mwanangu," akasema, "mizani imekudanganya. Kilo ni zilezile, lakini vilivyomo si vilevile. Mama alikuja na nyama, sasa ana mafuta."

Basi jioni ya leo nataka kuzungumza juu ya udanganyifu huo wa mizani.

Mwili wa binadamu hauna uzito wa aina moja. Mna mifupa, mna maji, mna mafuta, na mna nyama, yaani misuli, ile inayotuinua, inayotutembeza na kutushikilia tusianguke. Misuli haidumu ilivyo. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya miaka 50 mtu hupoteza kama asilimia 1 ya misuli yake kwa mwaka, wengine zaidi. Nguvu nayo hupungua kwa kasi kuliko nyama yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 daktari mmoja wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliona kwamba jambo kubwa kama hili halina hata jina. Akalipa jina kutoka Kigiriki: sakopenia. Ukiyafasiri maneno hayo mawili kwa Kiswahili unapata umaskini wa nyama.

Umaskini huu una hila. Mtu mwembamba akipoteza misuli, tutamwona. Mtu mnene akipoteza misuli, hatumwoni, maana mafuta yanaingia mahali nyama ilipotoka. Tumbo limejaa, mashavu yamejaa, gauni linabana. Kumbe mapaja yameyeyuka. Huyo ni tajiri wa mafuta na maskini wa nyama kwa wakati mmoja, na ana mashaka ya pande zote mbili: mzigo umeongezeka, na mbebaji amedhoofika.

Sasa mtu atauliza: misuli na kisukari wapi na wapi? Kisukari si ugonjwa wa kongosho na chai yenye sukari nyingi?

Chukueni mfano wa bandari. Meli zinaingia na shehena, na shehena lazima ipelekwe ghalani. Ukila ugali, wali, ndizi au viazi, sukari inaingia katika damu kama shehena inavyoshushwa gatini. Insulini ndiyo funguo ya ghala. Na ghala kubwa kuliko yote mwilini ni misuli. Huko ndiko sehemu kubwa ya sukari ya mlo inakopelekwa, ama ikatumika hapo hapo ama ikawekwa akiba. Sasa punguza ukubwa wa ghala hilo. Kisha lijaze mafuta mpaka milango yake iwe migumu kufunguka, funguo inaingia lakini haizunguki. Shehena itakwenda wapi? Itabaki gatini, yaani katika damu, na huko ndiko inakoharibu macho, figo, mishipa na miguu.

Lakini misuli ina jambo moja la ajabu. Inapofanya kazi, hufungua mlango wake hata bila kuisubiri ile funguo yote. Mtu anapotembea au kunyanyua kitu, misuli inavuta sukari kutoka katika damu yenyewe. Kwa hiyo yule tuliyemkalisha kwenye kochi kwa upendo, tumemfanyia mambo mawili kwa mpigo: tumelipunguza ghala lake, na tumeufunga mlango uliokuwa unajifungua wenyewe.

Ndiyo maana ugonjwa huu umetufuata mijini. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa Profesa McLarty na wenzake wa Muhimbili, waliopima watu katika vijiji 6 vya Tanzania. Walikuta kisukari kwa watu wasiofika hata 1 katika kila 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kiasi cha watu 9 katika kila 100. Chunguzi hizi hazikupima watu wa umri uleule wala kwa njia ileile, na kwa hiyo si haki kuzilinganisha namba kwa namba. Lakini hata ukitoa posho ya makosa, pengo hilo ni kubwa mno. Damu yetu haikubadilika katika miaka 23. Kilichobadilika ni tunavyokula, tunavyokwenda na tunavyokaa.

Ndugu wasikilizaji, hapa wengi husema: ni kweli, lakini mzee ameshazeeka, hayo ni mambo ya vijana. Mti mkavu haukunjiki.

Nami nilidhani hivyo. Lakini mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha habari za wazee 10 waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Boston, Marekani. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Hawakuwa wanamichezo, walikuwa wazee dhaifu. Madaktari hawa wakawafundisha kunyanyua uzito kwa miguu, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8, na si uzito wa kubembeleza bali mzito wa kuwatoa jasho. Mmoja hakumaliza. Wale 9 waliomaliza, nguvu ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani ikawa karibu mara tatu ya ile waliyoanza nayo. Miaka 90! Na walipoacha mazoezi, ndani ya wiki 4 nguvu ikaanza kupungua tena.

Mwaka 1994 wakarudia na wazee 100, wastani wa miaka 87. Safari hii wengine walipewa mazoezi, wengine kinywaji cha kujenga mwili, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote kati ya hivyo. Waliofanya mazoezi nguvu ilizidi mara mbili, na mwendo wao ukawa mwepesi. Waliopewa kinywaji peke yake hawakupata faida hiyo. Somo ni kwamba chakula bila kazi hakijengi msuli wa mzee. Tukimlisha na kumkalisha, tunajenga mafuta.

Na kisukari je? Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,200 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Kundi moja lilitakiwa kutembea au kufanya mazoezi ya kiasi hicho kwa dakika 150 kwa wiki na kupunguza uzito kwa asilimia 7. Kundi jingine lilipewa vidonge vya metformini, ambavyo wagonjwa wengi wa kisukari hapa kwetu wanavijua. Kundi la tatu lilipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Ukilinganisha na kundi hilo la tatu, vidonge vya metformini vilipunguza kisukari kipya kwa asilimia 31. Mwendo na mlo ulikipunguza kwa asilimia 58. Na kwa wale waliokuwa na umri wa miaka 60 na zaidi, mwendo na mlo ulikipunguza kwa asilimia 71. Wazee, hao tunaodhani wameshapitwa na wakati, ndio waliofaidika kuliko wote.

Sasa nirudi kwenye kosa langu la kumshindisha mama na njaa. Je, mzee mnene asipunguze uzito? Apunguze, lakini si kwa njaa peke yake. Mwaka 2011 daktari Dennis Villareal na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wazee wanene 107 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja. Waliopunguziwa chakula tu, na waliopunguziwa chakula huku wakifanya mazoezi, wote walipungua kilo karibu sawa, kama asilimia 10 ya uzito wao. Lakini wale wa njaa tupu walipoteza asilimia 5 ya mwili usio mafuta, na wale wa mazoezi walipoteza asilimia 3. Mifupa ya nyonga nayo ilipungua zaidi kwa wale wa njaa tupu. Na katika kupima uwezo wa kuinuka, kutembea na kubeba, waliochanganya mlo na mazoezi waliwashinda wengine wote. Mizani haikuona tofauti kubwa. Miguu iliiona.

Na kitanda cha hospitali nacho kina gharama yake. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani kwa siku 10 bila ugonjwa wowote. Katika siku hizo 10 tu, walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa na homa, na chakula walipata. Fikirieni basi mama yangu, mwenye homa ya mapafu, asiyekula, kwa karibu wiki mbili. Na sisi ndugu tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tukija saa za kuwaona wagonjwa, akitaka kuketi tunamlaza: "Lala mama, usijichoshe." Mkimwuguza mzee, mwulizeni muuguzi au daktari: je, anaruhusiwa kuketi? Je, anaruhusiwa kusimama kando ya kitanda? Anaruhusiwa kutembea hadi dirishani? Akiruhusiwa, mshikeni mkono asimame. Hiyo nayo ni dawa.

Tuje kwenye chakula. Mzee aghalabu amepungukiwa meno, na sisi kwa huruma tunampa vilaini: chai ya rangi na mkate, uji, viazi vya kupondwa, ndizi. Vyote hivyo ni shehena ya sukari kwa ghala lililosinyaa, na cha kujengea nyama hakimo. Wataalamu waliokutana juu ya jambo hili mwaka 2013 walishauri mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mzee wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Hesabu hiyo haitimizwi na chai na mkate, lakini si lazima itimizwe na kuku wa kila siku. Dagaa waliotwangwa, kunde, choroko, karanga zilizosagwa, samaki, mtindi: vyote ni vya sokoni kwetu, na vyote vinaweza kulainishwa. Ila mwenye ugonjwa wa figo asiongeze kitu kabla hajamwuliza daktari wake, maana kwake kipimo ni kingine.

Na kazi? Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima, wazee wakiwamo, watembee au wafanye shughuli za kiasi hicho kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na waipe misuli kazi ya nguvu angalau siku 2. Kwa wazee likaongeza mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke, siku 3 au zaidi kwa wiki. Wengine mtasema hayo ni mambo ya wenye fedha, wanaolipia vyumba vyenye vyuma na vioo. La hasha. Vifaa alivyotuandikia yule mtaalamu vilikuwa kiti, ukuta na chupa mbili za maji.

Kiti ni cha kuinukia. Mzee anakaa kwenye kiti imara kilichoegemea ukuta, anainuka, anakaa polepole, mara 8 au 10, anapumzika, anarudia. Akishindwa, aanze kwa kusukuma mapaja kwa mikono, au kiti kiongezwe mto kiwe juu zaidi. Ukuta ni wa kushika huku akinyanyua visigino, kisha asimame kwa mguu mmoja, mtu akiwa karibu. Chupa za maji ni za kunyanyua kwa mikono. Zoezi likiwa rahisi mno, liongezwe. Msuli haukui kwa kubembelezwa. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye shinikizo la damu lisilotibiwa, au aliyetoka kuvunjika, aanze kwa daktari. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sana sukari, amwulize daktari juu ya kipimo, na awe na kitu kitamu karibu, maana mwili unaofanya kazi hula sukari haraka.

Kipimo mnaweza kukifanya jioni hii hii. Mzee akae kwenye kiti kisicho na mikono, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5 kwa haraka awezavyo, nanyi mkitazama saa. Wataalamu wa Ulaya waliandika mwaka 2019 kwamba akizidi sekunde 15, hiyo ni dalili ya misuli dhaifu, na inafaa achunguzwe. Dalili nyingine mnaziona kila siku kama mna macho: anayeanza kuswali kitini kwa sababu magoti hayamwinui kutoka sijida, anayebaki amekaa kanisani wenzake wanaposimama, anayeivuka barabara nusu, taa zikawaka tena, anayevuta mkono wa kochi kama mtu anayejiokoa majini.

Najua yapo ya kujibiwa. Mtu atasema: wazee wetu wamefanya kazi ngumu maisha yao yote, leo unataka uwarudishe shambani? Sitaki. Mzee kubeba ndoo ya lita 20 kwa kuwa hana mtu wa kumsaidia ni dhiki, na katika nchi hii wapo wazee wengi wanaolea wajukuu yatima na kuponda kokoto ili wale. Hao hawahitaji kuhimizwa kufanya kazi, wanahitaji msaada na chakula cha kutosha. Mimi nasema na sisi wa mjini, wenye makochi. Serikali inamstaafisha mtumishi akiwa na miaka 60, na hiyo ni haki yake. Lakini ofisi ndiyo inayostaafu. Mapaja hayana pensheni. Yakiachishwa kazi hayalipwi kitu, yanaondoka tu.

Na heshima ina sura nyingi. Kumbebea mzee mzigo unaomzidi ni heshima. Kumnyang'anya mzigo anaouweza si heshima. Ni kumwambia, bila kutamka, kwamba amekwisha.

Mnataka kujua habari za mama. Kochi nimelihamishia chumba kingine, sebuleni nimeweka viti vya mbao. Wiki ya kwanza aliinuka kwa kusukuma kwa mikono, na machozi yalimtoka. Mwezi wa pili aliinuka bila mikono. Mwezi wa nne aliinuka mara 5 kwa sekunde 14, binti yangu akishika saa na kupiga kelele kama yuko mpirani. Kisukari hakijapona na dawa bado anakunywa, lakini daktari hajamwongezea. Maji anakunywa. Chooni anakwenda peke yake, na hilo, ndugu zangu, kwa mzee ni sawa na ufalme.

Jumamosi iliyopita nilimkuta nyuma ya nyumba, kanga kiunoni, amepata kijembe sijui kwa nani, anatifua kipande cha ardhi kisichozidi upana wa kitanda. Anapanda mchicha. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, nikaona mkono wake unataka kwenda kumpokea jembe, kisha akaurudisha. Mama akatuona. Akacheka, akasema: "Mmenifanya mgeni miaka minne. Leo ni siku ya tatu."

Ndugu wasikilizaji, leo mkifika nyumbani msimwulize mzee wenu ana kilo ngapi. Mwekeeni kiti cha mbao, mhesabuni anainuka mara ngapi. Kisha mtafutieni kazi anayoiweza.